Wimbo Usiorudiwa

Wanafunzi wa kidato cha nne walipewa alama kwa jambo jipya tu. Aliyerudia lililokwisha kupewa alama, hata nyumbani, alipunguziwa. Siku Mwanaidi alipouimba kwenye mtihani wimbo aliomtungia mdogo wake wa kumlaza, mashine ya kusahihisha ilimpa mia. Alirudi mbio, viatu mkononi.

"Mama, nimepata mia!"

Mama yake alipiga vigelegele mpaka mtoto akashtuka usingizini, akaangua kilio.

"Mwimbie wimbo wake, mwanangu, alale."

Mwanaidi alimpakata, akafungua kinywa. Bangili ya shule, iliyomfuatilia kila mahali, ikawaka nyekundu mkononi mwake kumwonya.

"Siwezi, Mama. Nitakuwa nimerudia."

Akatunga mwingine papo hapo, mtamu kuliko wa kwanza, moyo ukimdunda kwa furaha. Mtoto alimkodolea macho kama mgeni, kisha akazidi kulia.