Matundu ya Behewa

Makokha, karani wa stesheni ya Mbale, alikuwa akipaka rangi behewa dogo la mizigo aliloliunda kwa bati la makopo, mara askari wa msako akaingia. Askari aliufungua na kuufunga mlango mdogo wa behewa hilo, akatabasamu.

“Muzuri sana, bwana. Hii ni ile ilitoka Jinja Jumatatu?”

“Ile ile, afande,” Makokha alijibu kwa fahari. “Sikuacha kitu.”

Askari alipitisha ukucha kwenye matundu sita yaliyotobolewa kwa sindano karibu na paa. “Na hii?”

Makokha aliweka brashi chini. Karatasi zilisema behewa la Jumatatu lilibeba pamba, na behewa la pamba halina matundu. Lile la Jumatatu lilikuwa nayo, na kwenye matundu hayo aliona vidole vya watu vimejitokeza.

“Hapo nilikosea, afande.”

“Wewe hapana kosea,” askari alisema taratibu. “Vaa viatu.”