Themanini na Nne

Mama, themanini na nne. Baba, themanini na nne. Mdogo wake, asiyetulia kama kuku anayetafuta pa kutagia, naye themanini na nne.

Binti alisonya. "Nyumba nzima ina moyo mmoja?"

Mwalimu wa sayansi alikuwa amemrudishia daftari mbele ya darasa zima. "Mapigo ya moyo hayashonwi sare. Matokeo haya umeyapika." Wenzake wakacheka mpaka wakagonga madawati. Akapewa siku moja apime upya, la sivyo sifuri.

Na hakupika kitu. Mradi wenyewe aliuchagua kwa ajili ya bibi, aliyekuwa akiugua moyo. Mama alikuwa amemuusia: "Mpime kila jioni. Yakishuka chini ya hamsini, mwite shangazi yako mbio." Shangazi alikuwa muuguzi, akikaa nyumba ya tatu. Mwezi ukaisha, hajaitwa hata mara moja.

Sasa alibaki bibi peke yake, kasinzia kwenye kiti cha dirishani tangu alipomaliza chakula cha mchana.

"Bibi, usiniangushe na wewe. Nipe hata sabini."

Akambana kifundo cha mkono kwa kidole gumba, macho kwenye saa ya ukutani. Mkono ulikuwa wa baridi, lakini mwezi mzima ulikuwa wa baridi. Akahesabu nusu dakika: arobaini na mbili. Akazidisha kwa mbili, akaitupa kalamu.

Shangazi akaingia, bado na viatu vya kazini. "Unagombana na nani?"

"Na namba, shangazi. Bibi naye themanini na nne. Kesho nitachekwa tena."

"Waache wacheke, meno ni yao." Akamgeukia bibi, mama yake mzazi. "Shikamoo, mama."

Bibi hakuitikia.

Shangazi akaweka vidole viwili shingoni mwa bibi. Akavisogeza. Akavisogeza tena, akavikalisha hapo muda mrefu.

"Umempima lini?"

"Sasa hivi."

"Vipi?"

Binti akaushika tena ule mkono, akamwonyesha. "Hivi, kama siku zote. Mbona bado yanadunda, sikiliza."

Shangazi akakibandua kile kidole gumba polepole.

"Hayo ni yako, mwanangu," alisema. "Kidole gumba kina mapigo yake chenyewe. Mama hana."