Dada Yake Harish

Mgeni alitia tangawizi kwenye chai ya Harish, akaacha sukari, akampelekea sebuleni. Hakumwuliza mtu.

Sudha alikuwa mezani akikanda unga wa pai ya matofaa. Mikono ikasimama. Yeye mwenyewe ilimchukua mwaka mzima wa ndoa kujua kwamba mumewe hataki sukari kwenye chai ya tangawizi.

"Ni dada yangu, binti wa baba mdogo," Harish alikuwa amesema siku alipomleta kutoka kambini, ile Oktoba ya 1972 ambapo Wahindi wa Uganda walikuwa wakishuka kwenye ndege na sanduku moja moja. "Anaitwa Sushila. Tulikuwa nyumba moja Tororo. Atakaa nasi mpaka council wampe chumba."

Sudha alikuwa mzaliwa wa Nairobi. Tororo hakuwahi kufika, wala hakumjua mtu wa huko. Harish alimkuta hapa hapa London, wakaoana, wakampata Ranjan. Angebisha kwa lipi?

Basi mgeni akakaa. Na ile nyumba ndogo ya Rayners Lane ilikuwa imependeza kwelikweli. Sudha aliupenda msimu wa majani kupukutika kuliko wenyeji wenyewe. Aliokota majani mekundu na ya manjano, akayapiga pasi katikati ya karatasi za nta, akayabandika dirishani. Alifuma soksi za sufu. Pai zake alizitia iliki na mdalasini, hata majirani Waingereza wakawa wanakawia makusudi mbele ya mlango wake. Jioni, pazia likishafungwa na hita ya mafuta ya taa ikiwaka, nani angetamani kutoka?

Ndiyo maana alimchunga yule mwanamke kama maziwa yaliyo motoni. Mume, mtoto na joto la nyumba hiyo ndiyo mali yake yote hapa duniani, na hakuwa tayari kugawana.

Sushila alikuwa mpole, na upole wenyewe ulimtia Sudha wasiwasi. Alimenya matofaa bila kuambiwa. Alimbembeleza Ranjan mpaka akalala. Lakini hakumwita Sudha wifi hata mara moja, na jina la Harish halikumtoka mdomoni kabisa. "Yeye amerudi," angesema. Au, "Chakula chake kipo tayari."

Hapo ndipo Sudha alipokosa usingizi. Maana kwao dada humtaja kaka yake kwa jina, akaongeza bhai, yaani kaka, kwa heshima, kama naye anavyoongezewa ben, yaani dada. Mwanamke asiyetaja jina la mwanamume ni mkewe. Sudha mwenyewe, tangu aolewe, humwita Harish "baba Ranjan", hata mbele ya daktari.

"Sushilaben mbona hakutaji jina?" alimwuliza mumewe.

"Anaona haya tu," alijibu Harish, akarudi kwenye gazeti ambalo alikwisha kulisoma.

Kikulacho ki nguoni mwako. Sudha hakuuliza tena. Akaamua kutega.

Siku ya pili baada ya Diwali ni Bhai Bij, siku ya kaka na dada. Dada humpaka kaka yake alama nyekundu kwenye paji la uso, mbele ya taa ya ibada, akamlisha kitu kitamu kwa mkono wake. Mwanamume aliyepakwa hivyo ni kaka wa aliyempaka, basi, mpaka kufa. Mke hawezi kumfanyia mumewe mzaha huo hata akishikiwa kisu.

"Mwaka huu baba Ranjan ana dada nyumbani," Sudha alisema, sauti tamu kuliko pai. "Bhai Bij utampaka wewe, Sushilaben."

Sindano za kufumia zikatulia mikononi mwa Sushila. "Ni lazima?"

"Ni desturi. Kwani Tororo hamkuwa mkifanya?"

Sushila alianza tena kufuma. "Tulifanya," akasema. "Nitafanya."

Siku yenyewe ilipofika, Harish alidai anachelewa kazini. Sudha akasimama mlangoni, na sahani ya shaba mkononi: taa, unga mwekundu, punje za mchele, na barfi, kitamu cha maziwa.

"Kaa," alimwambia.

Harish akakaa. Sudha alikwishakata shauri: mkono wa yule mwanamke ukisita tu, yeye atamchukua Ranjan na kwenda kwa kaka yake Ilford, asirudi.

Mkono haukusita. Sushila alichovya kidole, akakikandamiza katikati ya paji la Harish, akakipandisha juu taratibu.

"Harishbhai," alisema, wazi kabisa. "Mungu akupe umri mrefu, kaka yangu." Akamega barfi, akamtia kinywani.

Harish alitafuna huku machozi yakimtiririka. Sudha naye akalia, kwa furaha na kwa aibu. Mwanamke wa watu, amefukuzwa kwao, amekuja kutafuta hifadhi kwa ndugu yake, na yeye Sudha akamwekea mtego!

Alimfuata jikoni, akamkumbatia kwa nguvu. "Nisamehe," alisema. "Nilikudhania vibaya. Nilidhani utaniharibia nyumba yangu."

Sushila aliingiza mkono ndani ya kola ya sweta, akatoa kidani cha shanga nyeusi, kile ambacho bwana harusi humvalisha mkewe, akakifungua na kukiweka kwenye kiganja cha Sudha.

"Alinivalisha mwenyewe, Tororo, kabla hajakujua wewe," alisema. "Kiweke mbali nami. Mtu haolewi na kaka yake."