Kiapo cha Ngiri

Siku moja Nungunungu, mlinzi wa makaburi ya askari, alisimamisha miiba yake yote wima. Ngiri mjenzi alishasukuma jiwe kando, akapiga magoti kama ngiri wachimbavyo, tayari kuchimba msingi wa maduka.

“Ngiri, acha! Askari wetu wamelala hapo!”

Ngiri akainuka kwa hasira mbele ya wanyama wote waliokuja kutazama. “Askari gani, mzee? Hili ni pori! Naapa kwa kaburi la babu yangu, hapa hakuna kaburi!”



“Na babu yako, Koplo Gwasi,” Nungunungu akauliza polepole, “alizikwa wapi?”

Ngiri akaligeukia lile jiwe alilolisukuma. Akasoma jina. Akapiga magoti tena, na safari hii hakuchimba.