Jasho la Jioni

Trei aliyoirusha mtafiti iligonga ukuta, vihisi vikatawanyika sakafuni kama maganda ya vitunguu. Mwenzake wa maabara, mama mtu mzima aliyekwisha kumzoea, alisogeza chupa za wino mbali na mkono wake kabla ya kusema lolote.

"Tena?"

"Tena! Mchana kutwa kidude kimetulia. Jioni ilipoingia, kipimo kikapanda kama kimepagawa."

Kidude chenyewe, yaani kihisi, kilikuwa kipande cha plastiki nyembamba, kidogo kama stempu, kilichochapwa kwa wino unaopitisha umeme. Kikibandikwa kwenye kifundo cha mkono, hupima jasho na kutuma kipimo kwenye simu, kikaonekana kama mstari unaopanda na kushuka. Kiwanda kimoja cha kuyeyusha vyuma kilivitaka kwa ajili ya wafanyakazi wake, ili mtu aondolewe kwenye joto kabla hajaanguka. Wenye kiwanda wangekuja Jumatatu kujionea. Mkuu wa maabara naye hakuumauma maneno: kasoro ile ikiwa bado ipo, kazi inahamia kwa kikundi kingine. Kila alipolifikiria hilo, alifoka peke yake. Ahangaike yeye, sifa wachukue wengine!

Vihisi alivijaribia kwa mke wake. Mke alikuwa fundi cherehani, akishonea nyumbani, mtu wa kushinda mahali pamoja. Nani mwingine angekubali kubandikwa dude mchana kutwa bila kunung'unika? Mwanamke yule hakuwa na neno. Akiambiwa avae, anavaa. Akiambiwa kipimo kimekosea, anasema samahani, utadhani yeye ndiye aliyekichapa. Yeye akifika nyumbani anakuta binti yao mdogo amekwisha kulala, chakula kimefunikwa mezani, hakuna kelele hata ya kijiko. Wangapi wana nyumba yenye utulivu kama ule? Alijivunia, na alikuwa akiwaambia watu.

Kwanza aliulaumu mvuke wa jikoni. Akampiga mke marufuku kupika jioni, chakula kikawa kinaivishwa asubuhi. Mstari ukapanda vilevile. Akalaumu unyevu wa hewa, maana wino wa aina hii una maringo, ukinusa unyevu kidogo tu unasusa. Akachapa upya ndani ya kabati la kioo lisiloingiza hewa, mikono imezama kwenye glavu nene, jasho likimtiririka puani asiweze kulifuta. Akaoka vihisi kwa moto mdogo, akavifunika kwa tabaka la pili. Mstari ukapanda vilevile. Akailaumu feni, ikabidi anunue nyingine, kwa sababu ile ya kwanza aliipiga teke ikapasuka. Mke aliokota vipande, akasema samahani.

"Mimi nimevaa cha trei hiihii," mwenzake alisema, akichuchumaa kuokota vihisi. "Nimepika nacho, nimefua nacho, jioni nimekaa nacho na wajukuu. Hakijanisumbua."

"Kwa hiyo shida ni mimi?"

Yule mama hakuinua uso. "Sijasema hivyo, baba. Nimesema kwangu hakijanisumbua."

"Basi njoo ukafanye wewe, kama ni rahisi hivyo!"

Mama aliendelea kuokota.

Ijumaa uvumilivu ulimwishia. Akaamua kuifuata kasoro hukohuko iliko. Angefika mapema, akae sebuleni na simu mkononi, aone kwa macho yake ni kitu gani kinachobadilika mle ndani jioni ikiingia. Hakumpigia mke simu kumwarifu. Hakutaka aanze kufungua madirisha na kuhamisha vitu, akamharibia kipimo.

Alitoka kazini jua likiwa bado kali. Njia nzima alitembea huku akitazama simu, nusura agongane na watu. Mstari ulikuwa umelala chali. Joto lote lile, na hakuna tatizo! Alipoanza kupanda ngazi za jengo lao, roho yake ilikuwa imetulia kwa mara ya kwanza wiki ile, hata akajikuta anatabasamu. Labda tabaka la pili limefanya kazi. Labda Jumatatu atapeana mikono na wenye kiwanda, na mkuu wa maabara ameze maneno yake.

Alifika mlangoni akasimama kuvuta pumzi. Ndani cherehani ilikuwa inanguruma. Binti yake alikuwa macho, anacheka kicheko cha mtoto anayetekenywa. Na kulikuwa na mtu anaimba, sauti nzuri, nyororo, isiyo na haraka. Ilimchukua muda kuitambua. Hakujua kama mke wake anaimba.

Akatazama simu. Mstari umelala.

Akaingiza ufunguo kwenye kitasa. Wimbo ukakatika katikati ya neno, miguu midogo ikakimbilia chumbani, na kwenye simu mkononi mwake mstari ukaanza kupanda.