Tone la Kijani

"Tangu afariki, miaka sita sasa, hakuna aliyekigusa," alisema mjane wa fundi mwenzangu, aliponiletea kinanda cha umeme cha marehemu nikilinganishe sauti apate kukiuza.

Mimi sidanganywi na kinanda. Cha zamani kama hiki kikikaa mwaka tu bila fundi, sauti hupotoka. Hiki kiliimba sawasawa.

Nikakifungua. Marehemu alikuwa na mtindo wake: akishalinganisha, kila skrubu aliidondoshea rangi ya kucha ya kijani, isilegee. Sisi wengine tulitumia nyekundu, tukimcheka.

Matone ya kijani yalikuwepo. Nikagusa moja kwa ukucha. Likabonyea, na harufu yake ikanipanda puani.

Nikakumbuka jeneza tulilokatazwa kulifungua.

"Shemeji," nikasema, "tulimzika nani?"