Chumba Alichojenga Shekue

Siku hizi mchezaji wa gemu akifariki, mhusika wake hafutwi. Huendelea kuishi mchezoni kama alivyozoea. Ndiyo maana kila alasiri Bi Mwanahawa aliketi mbele ya runinga kumtazama marehemu mumewe, Shekue, akipalilia mahindi.

Jumapili moja binti yao Nasra alikuja kumsalimia, akakuta Shekue amejenga chumba kipya shambani. Ndani kulikuwa na kitanda cha watu wawili na kanga kama za mama yake.

"Mama, umemjengea wewe?"

"Sijagusa kitu, mwanangu."

Shekue aliacha jembe, akasimama mlangoni akiwaangalia. Nasra akanyoosha mkono azime.

"Mwache," mama akasema taratibu. "Ameshamaliza, ananingoja tu."

Nasra akampigia mumewe simu, akamwambia harudi nyumbani wiki hiyo.